Dian Fossey: masomo yake ya gorila aliyaanzia Kabara, chini ya mlima Mikeno

Watu wengi wakisikia jina la Dian Fossey hufikiria Rwanda. Huko ndiko alifanya kazi miaka kumi na minane, huko ndiko aliuawa, na huko ndiko kaburi lake liko. Lakini kazi yake haikuanzia Rwanda. Ilianzia upande wa Kongo, kule Kabara, kwenye uwanja wa majani ulio chini ya mlima Mikeno, ukipanda kutoka Kibumba. Hapo, kati ya Januari na Julai 1967, mwanamke Mmarekani wa miaka 35, asiye na shahada yoyote ya elimu ya wanyama, alijifunza namna ya kumtafuta gorila, kumkaribia na kuandika maisha yake. Mwalimu wake wa kwanza porini hakuwa profesa. Alikuwa mfuatiliaji nyayo Mkongomani kwa jina Sanwekwe.

Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 mjini San Francisco, magharibi mwa Marekani. Wazazi wake waliachana angali mdogo, na mama akaolewa na mfanyabiashara mwenye uwezo. Nyumba ilikuwa na pesa, lakini mtoto huyo alikuwa akila jikoni pamoja na mtumishi wa nyumbani, wala si mezani na wakubwa, mpaka alipofikisha miaka kumi. Alipenda wanyama tangu utoto. Alichoruhusiwa kufuga ni samaki mmoja tu, na samaki huyo alipokufa hakuruhusiwa kumpata mnyama mwingine. Faraja yake ikawa farasi, ambao alijifunza kuwapanda akiwa bado mdogo.

Baba wa kambo alitaka asomee biashara, naye akaanza hivyo, bila moyo. Baadaye akajiandikisha katika chuo kikuu cha California, tawi la Davis, ili awe daktari wa mifugo. Hapo ndipo alipojikwaa. Kemia na fizikia zilimshinda. Mlango wa kazi ya wanyama ukafungwa, naye akahamia chuo cha San Jose na kusomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu kujifunza tena kutumia mikono na mwili wao. Alimaliza mwaka 1954. Baada ya kuwahudumia wagonjwa, wakiwemo wa kifua kikuu, alihamia Louisville, katika jimbo la Kentucky, akawa msimamizi wa idara hiyo katika hospitali ya watoto walemavu.

Ukitazama karatasi zake za shule, hakuna kitu hapo kinachomwandaa mtu kuwa mtafiti wa msituni. Ila kazi ile ya hospitali ilikuwa na somo lake. Mtoto mgonjwa ambaye hasemi, anayeogopa kila mtu mpya, huwezi kumlazimisha. Unakaa karibu naye, unanyamaza, unangoja yeye mwenyewe akukubali. Fossey aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na waliomfahamu Louisville walimsifu kwa hilo. Alikuwa akiishi nje ya mji, katika nyumba ya shambani, akizungukwa na mbwa na ng'ombe wa jirani.

Mwaka 1963 alifanya jambo ambalo watu wake wa karibu waliliona ni wazimu. Alikopa dola 8,000, kiasi kinacholingana karibu na mshahara wake wa mwaka mzima, akaja Afrika kutembea kwa majuma saba. Alipita Kenya na Tanganyika. Kule Olduvai alimkuta Louis Leakey, mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale, akiwa kazini pamoja na mke wake Mary. Fossey aliteleza katika machimbo, akateguka kifundo cha mguu, na akatapika juu ya mfupa wa twiga wa kale uliokuwa umetoka kuchimbuliwa. Leakey hakumsahau tena. Pamoja na mguu huo uliovimba, Fossey alisafiri hadi Kongo na kupanda Kabara. Huko aliwakuta wapiga picha Joan na Alan Root kutoka Kenya, wakipiga filamu ya gorila. Wakamchukua, na kwa mara ya kwanza akawaona gorila wa milimani kati ya majani, wakimtazama naye akiwatazama.

Akarudi Louisville kulipa deni. Aliandika makala kadhaa juu ya safari hiyo katika gazeti la mji, na pengine hadithi ingeishia hapo. Lakini mwaka 1966 Leakey alifika Louisville kutoa hotuba. Fossey akaenda na makala zake mkononi. Leakey alikuwa akitafuta mtu wa kukaa na gorila kwa muda mrefu, kama vile Jane Goodall alivyokuwa akifanya na sokwe kule Gombe, kando ya ziwa Tanganyika. Mzee huyo alikuwa na mawazo yake: aliona afadhali mtu ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia za chuo kikuu, na aliamini kwamba wanawake wana subira na jicho la kuona mambo madogo. Wanasayansi wengi wa wakati ule hawakukubaliana naye. Pia alimwambia Fossey akaondolewe kidole tumbo kabla ya kwenda kuishi mlimani mbali na hospitali. Mama huyo akakubali kisu cha daktari. Baadaye ikaja barua ya Leakey ikieleza kwamba halikuwa sharti la kweli. Alitaka tu kupima kama nia yake ni thabiti. Ni mzaha wa ajabu kumfanyia mtu, lakini jibu alilipata.

Miezi ya kungoja pesa za utafiti Fossey aliitumia kusoma vitabu kuhusu nyani na gorila, na kujifunza Kiswahili kitabuni. Kiswahili hicho cha kujifundisha ndicho alichokuja nacho Kivu, na ndicho alichotumia na wafanyakazi wake. Mwishoni mwa 1966 alitua Nairobi, akanunua gari la Land Rover lililokuwa limeshatumika na kuliita Lily, akapita Gombe kwa siku mbili kuona jinsi Goodall alivyopanga kambi na kuandika kumbukumbu zake. Kisha, akisindikizwa na Alan Root, akashika njia ya Kongo.

Kabara haikuwa mahali pasipojulikana. Mwaka 1926 Mmarekani Carl Akeley alifia hapo na kuzikwa hapo. Ni yeye aliyemshawishi mfalme wa Ubelgiji kuweka hifadhi, na mbuga ya Albert ikaanzishwa mwaka 1925. Leo tunaiita Virunga. Kati ya 1959 na 1960 kijana mwingine kutoka Marekani, George Schaller, aliishi hapo Kabara na kuandika kitabu ambacho kwa mara ya kwanza kiliwaeleza gorila wa milimani kwa kuwatazama wakiwa hai, si kwa kupima ngozi na mafuvu. Wakati huo idadi yao katika milima yote ya Virunga ilikadiriwa kuwa 450 hivi. Vurugu zilizofuata uhuru zilisimamisha utafiti. Fossey alikuja kushika kamba pale ilipokuwa imeachwa.

Hema lake lilikuwa dogo, chini kidogo ya mita 3,100 kutoka usawa wa bahari au kuzidi hapo kidogo, mahali ambapo mvua na ukungu ni mambo ya kila siku. Root alimsaidia kupanga kambi, akakaa naye siku mbili. Katika siku hizo Fossey alipata funzo lake la kwanza, tena la aibu. Aliona nyayo mbichi za gorila, akazifuata kwa furaha, mpaka Root alipomfahamisha kwamba alikuwa akizifuata kinyume, akielekea walikotoka gorila badala ya walikokwenda. Root alipoondoka, Fossey alilazimika kushika mlingoti wa hema asije akamkimbilia.

Hapo ndipo anapoingia Sanwekwe. Mzee huyo alikuwa amekwisha fanya kazi na wageni waliomtangulia Fossey, wakiwemo akina Root, na aliujua mlima. Alimfundisha kuinama na kutazama majani yamelala upande gani, kwa kuwa gorila akipita huyalaza mbele, kule anakokwenda. Alimfundisha kutofautisha kinyesi cha saa moja na kile cha jana, kwa unyevu wake na kwa nzi walio juu yake. Alimwonyesha utomvu ambao bado unatoka kwenye shina lililovunjwa. Alimfundisha kunusa, maana dume kubwa likishtuka huacha harufu kali njiani. Na alimfundisha jinsi ya kutulia gorila anapokuja mbio akipiga kelele: kutokimbia, kujishusha chini, kungoja. Katika vitabu vya chuo kikuu cha wakati ule mambo hayo hayakuwepo. Yalikuwa vichwani mwa watu wa milima hiyo, waliorithi elimu hiyo kwa wawindaji na wakata asali, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Fossey, kwa haki yake, alimtaja Sanwekwe na kumshukuru kwa maandishi.

Basi siku za Kabara zikaenda hivi. Asubuhi yeye na Sanwekwe walitoka, wakatafuta mahali gorila walipolala, wakafuata njia yao kwa saa nyingi kati ya matope na mimea iwashayo. Wakiwapata, Fossey aliandika kila kitu: saa ngapi, mahali gani, nani amekaa karibu na nani, nani anakula nini, sauti gani imetoka na nini kilifuata baada ya sauti hiyo. Aligawa makutano yake katika aina mbili. Kuna yale ambayo alijificha ili gorila wasijue kwamba yupo, na hapo aliona wanavyoishi wakiwa peke yao. Na kuna yale ambayo alijionyesha wazi ili wamzoee. Jioni, ndani ya hema, alipiga maandishi hayo kwa mashine ya kupiga chapa.

Kumtambua kila gorila kulihitaji alama. Schaller alikuwa amegundua kwamba pua za gorila hazifanani. Mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua ni kama alama za vidole vya mtu. Fossey akachora pua, moja baada ya nyingine, na kila mmoja akapewa jina. Huko Kabara alikuwa akifuatilia makundi matatu. Aligundua pia kwamba akisimama wima gorila huogopa, lakini akitembea kwa magoti na ngumi, akijikuna, akitafuna mashina ya mimea wanayokula wao, na akiiga ule mngurumo wa chini wanaoutoa wakiwa wameshiba, wao huendelea na shughuli zao. Mwanzoni aliiga pia kule kupiga kifua, akaja kugundua kwamba hiyo ni ishara ya wasiwasi, akaacha.

Mara moja kwa mwezi alishuka hadi Kibumba, mahali alipoacha gari, akaendesha mpaka Kisoro, Uganda, kununua chakula na kuchukua barua. Kisha akapanda tena. Kwa nusu mwaka maisha yalikuwa hayo, naye baadaye aliukumbuka wakati huo kama mwanzo wa maisha yake hasa.

Uliisha ghafla. Tarehe 5 Julai 1967 mamluki wa kizungu wakiongozwa na Jean Schramme, pamoja na askari wa Katanga, waliasi dhidi ya serikali ya Mobutu, na vita vikafika Kisangani na Bukavu. Mashariki yote ikaingia hofu, na kila mzungu akawa mtu wa kushukiwa. Tarehe 9 Julai Fossey na Sanwekwe waliporudi kambini walikuta askari wenye silaha. Kesho yake alishushwa mlimani na kupelekwa Rumangabo, akashikiliwa huko kwa majuma mawili hivi. Mipaka ilikuwa imefungwa. Alipona kwa ujanja: aliwaambia askari kwamba pesa zake ziko Kisoro na kwamba gari lina karatasi za kurekebisha huko. Wakamsindikiza kupitia Bunagana. Walipofika kwenye hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel, ambaye alimfahamu, alikimbilia ndani, na askari wa Uganda wakawakamata wale waliomsindikiza. Fossey hakurudi tena kufanya utafiti Kabara. Makundi yake matatu yakabaki bila mtu wa kuyafuatilia.

Wengi walimshauri arudi Marekani. Yeye alikutana na Leakey Nairobi, wakakubaliana kwamba mlima ni uleule hata ukiuona kutoka upande wa pili. Gorila hawajui mpaka. Akisaidiwa na Mmarekani Rosamond Carr, aliyekuwa na shamba la maua upande wa Gisenyi, na Mbelgiji Alyette de Munck, aliyeifahamu Kivu vizuri, akapata mahali kati ya Karisimbi na Bisoke. Tarehe 24 Septemba 1967 akasimamisha mahema mawili na kupaita Karisoke, kwa kuunganisha majina ya milima hiyo miwili.

Upande wa Rwanda kazi ilikuwa ngumu zaidi. Gorila wa huko walikuwa wamezoea kuwindwa, tena ng'ombe walichungwa hadi ndani ya msitu, hivyo wakimwona mtu walikimbia. Ilichukua karibu miaka mitatu mpaka siku moja mwaka 1970 dume kijana aliyeitwa Peanuts aliponyosha mkono na kugusa vidole vya Fossey. Picha za Bob Campbell, mpiga picha wa gazeti la National Geographic, zilimfanya mama huyo ajulikane dunia nzima. Hata hivyo, umaarufu si shahada, na wafadhili walitaka shahada. Wataalamu waliendelea kumwona kama mpenda wanyama aliyebahatika.

Kwa hiyo, akiwa na miaka 38, Fossey akarudi shule. Kuanzia 1970 alikuwa akienda Cambridge, Uingereza, katika chuo cha Darwin, chini ya profesa Robert Hinde, yuleyule aliyemsimamia Goodall. Hakuupenda mji ule. Alikaa huko kwa vipindi, akihesabu siku za kurudi mlimani. Lakini Hinde alimfundisha kile ambacho Sanwekwe hangeweza kumfundisha: kuyageuza madaftari ya mvua na matope kuwa hesabu, jedwali na hoja ambazo mtu mwingine anaweza kuzipima. Mwaka 1972 alitoa makala ya kitaalamu juu ya sauti za gorila, akieleza kila mlio na hali inayouleta. Udaktari wake katika elimu ya wanyama aliupata katikati ya miaka hiyo ya 1970. Yule binti aliyeshindwa na kemia kule Davis sasa aliitwa daktari Fossey.

Mchango wake kwa ekolojia, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyoishi na mazingira yao, mara nyingi unasahauliwa kwa sababu ya filamu na hadithi za kifo chake. Pamoja na Alexander Harcourt, mmoja wa wanafunzi waliokuja Karisoke, alichapisha mwaka 1977 uchunguzi juu ya chakula cha gorila: mimea gani, sehemu gani ya mmea, kwa kiasi gani, na jinsi chakula hicho kinavyoamua kundi litembee wapi. Ilionekana kwamba mnyama huyu mkubwa hali matunda sana kama sokwe. Anaishi kwa majani na mashina yaliyo karibu na ardhi, na machipukizi ya mianzi yanapofika msimu wake. Anakaa ndani ya chakula chake. Ndiyo maana hahitaji kutembea mbali kila siku, na ndiyo maana pia ukikata msitu wa chini au ukiingiza ng'ombe wakaukanyaga, umemnyima kila kitu. Fossey aliandika pia jambo ambalo halikumfurahisha: kwamba dume lililochukua jike kutoka kundi lingine mara nyingine huua mtoto wake. Hakuficha, ingawa lilivunja ile sura ya upole aliyokuwa akiwaeleza watu.

Kisha kuna hesabu. Gorila hujenga kiota kipya kila usiku na hunya ndani yake au kando. Mtafiti akifuata njia ya kundi na kuhesabu viota vya siku kadhaa mfululizo, akapima ukubwa wa kinyesi, anajua wako wangapi, wakubwa wangapi, watoto wangapi. Kiota chenye nywele nyeupe ni cha dume kubwa la mgongo wa fedha. Kwa njia hiyo Fossey na wanafunzi wake walipita milima yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipata gorila 275 hivi, na mwaka 1981 walikuwa karibu 250. Kutoka 450 za Schaller, katika miaka isiyozidi ishirini na miwili, nusu ya gorila ilikuwa karibu kutoweka.

Sababu hazikuwa za kutafuta mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, upande wa Rwanda, karibu hekta 10,000 za mbuga zilikatwa ili kulima pareto, zao la dawa ya kuua wadudu, kwa msaada wa pesa kutoka Ulaya. Mitego ya kamba na waya iliyowekwa kwa ajili ya swala iliwakata gorila mikono na miguu. Na kulikuwa na biashara ya watoto wa gorila. Mwaka 1969 Fossey aliletewa wawili, wagonjwa sana, waliokamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Ili kumpata mtoto, wawindaji huua wakubwa wanaomlinda. Aliwauguza ndani ya nyumba yake, akawaita Coco na Pucker, akajaribu kuzuia wasipelekwe, akashindwa. Wote wawili walifia Cologne mwaka 1978.

Wakati huo Fossey mwenyewe alikuwa amekwisha badilika. Siku ya mwisho ya mwaka 1977 wawindaji haramu walimuua Digit, dume kijana aliyemfahamu tangu 1967, akiitwa hivyo kwa sababu ya kidole chake kilichoharibika. Digit alipigana nao huku jamaa zake wakitoroka. Mwanafunzi Ian Redmond ndiye aliyeikuta maiti, haina kichwa wala mikono. Mwaka uliofuata dume kiongozi wa kundi hilohilo aliuawa pia. Fossey akaanzisha mfuko kwa jina la Digit, na kuanzia hapo mtafiti akawa nyuma, mlinzi akawa mbele.

Hapa sifa na lawama zinakaa pamoja. Watu wake walivunja mitego mingi sana, na hakuna shaka kwamba gorila wengi waliokoka kwa sababu hiyo. Lakini aliwafunga watu waliokamatwa, akawapiga kwa mimea iwashayo, akachoma vitu vyao, akavaa vinyago ili waamini ni mchawi. Wengi wa waliokumbwa walikuwa Batwa na wakulima maskini, ambao babu zao waliwinda katika msitu huo kabla haujaitwa mbuga. Mwanamke aliyefundishwa kila kitu cha msingi na mzee wa Kikongomani alishindwa kuwaona majirani wa mlima kama watu wenye haki yao. Vijana waliokuja kusoma kwake walimlalamikia kwamba hataki tena mambo ya takwimu, na kwamba hasira zake zinaharibu kazi. Yeye alipinga hata watalii kuletwa kwa gorila, jambo lililoanzishwa Rwanda mwaka 1979. Aliogopa magonjwa na kelele. Juu ya magonjwa hakukosea, ndiyo sababu leo mgeni huvaa barakoa mbele ya gorila. Juu ya pesa za utalii, matokeo yalimpinga.

Mwaka 1980 afya yake ilikuwa mbaya, mapafu yakiwa yameharibiwa na sigara na baridi ya mlimani. Akaenda kufundisha katika chuo kikuu cha Cornell, Marekani, na huko akakamilisha kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka 1983. Kisha akarudi Karisoke. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985, au alfajiri ya siku iliyofuata, aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Alikuwa amebakiza majuma matatu kufikisha miaka 54. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti mmoja Mmarekani bila yeye kuwepo. Huyo alikana, na wengi waliofuatilia kesi hawakuridhika. Mfanyakazi wa zamani wa Karisoke aliyeshtakiwa pamoja naye alifia gerezani. Fossey alizikwa pale kambini, katika makaburi aliyowachimbia gorila wake, kando ya Digit.

Karisoke iliharibiwa katika vita vya miaka ya 1990, na watafiti wakahamia mjini, Ruhengeri. Upande wa Kongo, Kabara na Mikeno viliona vita vingi zaidi, na walinzi wengi wa Virunga wamepoteza maisha kazini. Hata hivyo hesabu ya gorila haikuachwa. Mwaka 2015 na 2016 timu za Kongo, Rwanda na Uganda zilipita tena milima yote, zikifuata njia na kuhesabu viota kama zamani, ila safari hii zikichukua kinyesi kwenda kupimwa maabara ili kumtambua kila mnyama kwa vinasaba vyake. Walipata gorila 604 katika Virunga. Wakijumlishwa na wale wa Bwindi, Uganda, idadi ilipita 1,000, na mwezi wa Novemba 2018 gorila wa milimani waliondolewa kwenye orodha ya wale walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kuwekwa daraja moja chini yake. Kati ya miteremko iliyopitwa na timu hizo ni ile ya Mikeno, juu ya Kibumba.